Chuma cha angani kikianguka Mbozi, tumwite nani?

Juzi nilimpeleka mpwa wangu kukiona Kimondo cha Mbozi. Alikizunguka mara mbili, akapitisha kidole pale pembeni kilipokatwa kipande zamani, akauliza: "Mjomba, hiki ni cha nani?" Nikamwambia ni cha Watanzania wote. "Na kikianguka kingine usiku huu kwenye mahindi ya bibi?" Nilikosa jibu, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, hapo kwa jirani zetu Kenya. Hicho hakikuwa kimondo; maofisa wa Kenya walisema ni mabaki ya roketi. Wakenya wana wakala wa anga za juu tangu 2017, kwa hiyo maofisa walifika, wakalinda eneo, wakaichukua pete. Nilimuuliza mtendaji wa kijiji chetu yeye angefanya nini. Akasema angeita polisi. Baada ya polisi? Akanyamaza.

Na ukimya huo una gharama. Mkataba wa kimataifa wa 1972 kuhusu fidia ya vyombo vya angani unasema nchi iliyorusha chombo italipa madhara ya ardhini hata kama haikuzembea. Lakini anayedai ni serikali, si bibi, na muda ni mwaka mmoja. Setilaiti ya Kisovieti, Cosmos 954, ilipoangukia Kanada mwaka 1978 ikiwa na mtambo wa nyuklia, Wakanada walisaka vipande kwenye theluji kwa miezi, wakaandika kila gharama. Mwaka 1981 wakakubaliana kulipwa dola zao milioni 3. Bila yale maandishi wangedai nini?

Haya, setilaiti yetu wenyewe nayo tunaihitaji. Kenya ilirusha Taifa-1 mwaka 2023, na picha za mashamba zingemfaa mkulima wa Uyole pia. Ila mkataba wa kimataifa wa anga za juu wa 1967 unaibebesha nchi dhamana hata ya chombo cha kampuni binafsi. Leseni, bima na rejesta ya vyombo vitangulie, roketi ifuate.

Naomba sera yetu ya anga za juu ianzie ofisi ya kijiji: namba moja ya kupiga, na fomu ya ukurasa mmoja. Kimeanguka wapi, saa ngapi, nani kaona, kimeharibu nini, nani kakigusa. Na iandikwe kwa Kiswahili, maana wa kwanza kukifikia atakuwa bibi na jembe lake.