Corsiva haitaki herufi kubwa tupu

Ukipokea kadi ya mwaliko wa harusi hapa Dar es Salaam, usishangae kuikuta imeandikwa kwa Monotype Corsiva, ile fonti ya mlazo iliyokuja na Microsoft Office. Naipenda sana. Ndiyo maana inaniuma kuona ukumbi, saa na majina ya kamati nzima vimepangwa kwa Corsiva, tena kwa herufi kubwa tupu, mpaka wazee wanaomba wasomewe.

Patricia Saunders aliichora fonti hii kwa kufuata mwandiko wa Kiitaliano wa karne ya 16, hasa wa Ludovico degli Arrighi, aliyekuwa mwandishi wa nyaraka katika ofisi za Papa huko Roma. Kijitabu chake cha kufundishia mwandiko huo, La Operina, kina tarehe ya 1522. Ulikuwa mwandiko wa kazi. Karani alikuwa na rundo la barua na kalamu ya unyoya iliyochongwa ncha bapa. Ukiishika kalamu hiyo kwa pembe moja bila kuigeuza, mstari unaoshuka hutoka mnene na unaopanda hutoka mwembamba. Kwa kuwa mkono ulikwenda mbio, herufi zililalia kulia na kusogeleana. Madaha yote tunayoyaona leo kwenye kadi yalizaliwa na haraka ya makarani.

Hata kabla ya Arrighi, Aldus Manutius wa Venice alikuwa amekwisha kuchapa kitabu cha mashairi ya Virgil kwa herufi za mlazo, mwaka 1501. Herufi hizo zilichongwa na Francesco Griffo. Alizilaza ndogo tu. Kubwa ziliachwa wima, na fupi.

Herufi kubwa za Corsiva zina mikia na mapindo kwa sababu kila moja imechorwa ianze neno, kisha iwaachie nafasi wadogo zake. Zipange nane mfululizo uone: mikia inagongana, na jicho linakosa ule mpando na mshuko wa herufi ndogo unaolisaidia kulitambua neno haraka.

Kwa maoni yangu, Corsiva iwekewe majina ya maharusi, ubeti mmoja wa shairi, au jina la mhitimu kwenye cheti. Iwe kubwa, na izungukwe na nafasi ya kutosha. Maelezo mengine yaende kwenye fonti ya wima kama Garamond, hasa siku hizi ambapo kadi inatumwa kwa WhatsApp na ile mistari myembamba inapotea kwenye kioo kidogo cha simu.

Mteja akisisitiza herufi kubwa tupu, mpe Trajan. Carol Twombly aliichora mwaka 1989 kwa kufuata maandishi yaliyochongwa kwenye nguzo ya Kaisari Trajan huko Roma, na ilipotoka haikuwa na herufi ndogo hata moja.