Je, ekografi iingie chumba cha upasuaji Lubumbashi?

Hapa Lubumbashi akina mama wengi hufika hospitalini uvimbe wa titi ukiwa tayari unashikika. Ndiyo maana swali la wanaopinga ekografi (mashine ya kuona ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti) itumike wakati wa kutoa uvimbe na kubakiza titi lina uzito: kama mkono unaufikia, mashine ya nini?

Mimi naona mkono hautoshi. Unajua uvimbe uko wapi, lakini haujui vizuri unaishia wapi, hasa nyama ikishakatwa na damu kutapakaa. Uholanzi walilipima jambo hili katika utafiti wa COBALT, uliochapishwa 2013, kwa wanawake 134 ambao uvimbe wao ulishikika. Kansa ilikutwa ukingoni mwa nyama iliyotolewa, dalili kwamba huenda nyingine imebaki ndani, kwa asilimia 17 ya waliopasuliwa kwa kupapasa. Kwa walioongozwa na ekografi, asilimia 3.

Kazi yenyewe inaeleweka. Kichwa cha ekografi, kile kinachoshikwa mkononi, kinavikwa mfuko uliotakaswa, mpasuaji anakiweka juu ya titi, analiona doa jeusi, anakata kulizunguka ili litoke likiwa katikati ya kipande, halafu anakipima kipande kilichotoka kabla ya kushona. Ila kichwa cha kutazamia mimba hakifai. Kinatakiwa cha kuonyesha vitu vilivyo karibu na ngozi.

Picha ya bei kubwa si lazima iwe na faida kubwa. Uingereza, utafiti wa COMICE wa 2010 ulifuata wanawake 1,623: waliopigwa IRM (picha ya mashine ya sumaku) kabla ya upasuaji na wasiopigwa, katika kila kundi asilimia 19 walipasuliwa tena. Familia isiuze kiwanja kwa ajili hiyo.

Hoja inayoninyima usingizi ni ya mionzi, tiba ya kuua kansa iliyobaki baada ya upasuaji. Uchambuzi mkubwa wa 2011 ulionyesha kwamba titi likibakizwa bila mionzi, kansa hurudi ndani ya miaka 10 kwa asilimia 35. Mionzi ikifuata, asilimia 19. Kwa mtu wa hapa, mionzi inaweza kuwa safari ya kupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na wiki kadhaa za kulala ugenini. Mama asiyeiweza safari hiyo huenda kutoa titi lote kukamfaa zaidi, hata picha iwe safi namna gani. Aulizwe mapema, dada zake wakiwepo, kabla hajalazwa mezani.

Hata hivyo sikubali tungoje mionzi ndipo tununue ekografi. Kije kichwa kimoja cha kufaa na mpasuaji mmoja aliyefunzwa kukitumia, pamoja na maabara ya kupima ukingo, maana bila majibu ya maabara hatutajua ni mama yupi arudi mezani.