Ukungu ulivyotaka kusamehe madeni ya kikoba

Shangazi yangu wa Mabatini ndo mhazini wa kikoba chao, sanduku la chuma la kufuli tatu linakaa kwake na funguo wanazo watu watatu tofauti ili pesa isiibiwe. Na kweli haikuibiwa. Ila mwenye funguo mmoja alivuka kwenda Ukerewe kuuguza mama yake, masika yakamkuta hukohuko, vikao vikasimama, na sanduku likabaki chumba cha nyuma kile ambacho ukuta umeegemea mwamba. Watu wa Mwanza mnazijua nyumba zetu za mlimani, mvua ikikolea jiwe linatoa maji mpaka ndani.

Siku linafunguliwa ilitoka harufu watu wote wakarudi nyuma. Kauntabuku la mikopo limeota manyoya ya kijani kama embe lililosahaulika uvunguni, kurasa zimegandana.

Hapo ndo nikawajua binadamu. Kila mtu alishauri kulingana na anachodaiwa. Jamaa mmoja wa bodaboda, huyu ambaye kila kikao kijitabu chake cha mwanachama "kimepotea", akasema kwa uchungu kabisa, "Mwagieni jiki, linaua kila kitu." Nakuamini kaka, hadi wino. Dada mwingine mwenye mkopo akataka lichomwe, eti watoto watapata kifua. Wenye akiba zao nao wanapiga kelele lisiguswe, na mzee mmoja mwenye hisa nyingi kuliko wote akavuta kiti akakaa mlangoni, hatoki mtu na daftari.

Mi kwa vile nauza steshenari basi kwa ukoo mzima ni daktari wa vitabu. Nikampigia rafiki yangu aliyesomea ukutubi, akasema usifute likiwa bichi, utausambaza tu ukungu na kuuingiza ndani ya karatasi, juani usianike litapauka na kujikunja, jiki sahau. Kama leo huwezi kulikausha lifunge vizuri kwenye nailoni utie kwenye friza, baridi haiui ukungu ila inaulaza.

Friza ya karibu ni ya mama muuza sato jirani. Basi mali za wanakikoba zikalala na samaki. Jioni nani kaja kununua sato? Jamaa wa bodaboda, ambaye toka ahamie mtaani hajawahi kununua hata dagaa wa mia tano pale. Na hataki kuchaguliwa, anataka kuchagua mwenyewe, tena wa chini kabisa. Mzee ikabidi ahamishe kiti chake.

Umeme ulipotulia tukalitoa, feni kwa mbali, tishu kila baada ya kurasa kadhaa, unabadilisha zikilowa, siku zinaenda. Likishakauka nikatoka nalo nje na barakoa zilizobaki toka enzi za korona, nikawa napangusa na brashi laini taratibu, upepo unapeleka vumbi kule. Shida ikawa paka, maana lilikuwa linanuka sato, na paka wa Mabatini wote walikuja kukagua mahesabu.

Bahati nzuri shangazi huandika kwa biki, wino wake hauogopi maji sana, majina yalikuwepo yote. Ila ukungu hata ukifa doa linabaki. Na shangazi haweki mkato kwenye namba. Pale kwa jamaa wa bodaboda palipoandikwa 80000 doa moja la duara, zuri kabisa, lilikuwa limekaa mwishoni kabla ya alama ya shilingi.

Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti mbele ya kikao: "Laki nane."

Jamaa aliruka! Laki nane? Nani kakopa laki nane? Akawasha pikipiki, hatujamaliza hata soda karudi na kijitabu chake, kile kilichopotea, kimeandikwa elfu themanini, sahihi ya shangazi ipo. Kikavu, cheupe, kimevalishwa kava la nailoni.

Mzee akakipokea, akakifungua, akakinusa. "Mwanangu," akamwambia, "hebu tufundishe, wewe huwa unavitunzaje?"