Bei ya X3 imeshuka, ya spea zake haijashuka

Wiki iliyopita nimetumiwa tena tangazo la yadi moja ya hapa Dar. BMW X3 nyeusi ya 2012, viti vya ngozi, paa la kioo, na chini yake maandishi makubwa: "Kwa nini ununue RAV4 kwa bei hii?" Nimeudhika, maana nawafahamu watu waliolijibu swali hilo kwa mkopo wa SACCOS, na leo gari limelala nje limefunikwa turubai.

Gari lililouzwa ghali likiwa jipya likishapita miaka kumi, bei yake huporomoka mpaka ikakutana na ya Toyota. Kinachoporomoka ni bei ya kulinunua tu. Pampu, kompyuta, gia boksi na sensa zake bado ni vya gari la thamani ile ya mwanzo, na kiwanda hakikupunguzii hata senti kwa sababu gari lako ni la mtumba. Muuzaji analijua hilo vizuri. Mnunuzi huja kulijua akiwa ameshasaini.

Jirani yangu ni mwalimu. Alinunua X3 2.5si ya 2007, zile za umbo la kwanza zilizoundwa Graz, Austria. Siku moja taa tatu zikawaka pamoja kwenye dashibodi: ya ABS, ya breki na ya 4x4. Fundi akazunguka gari, akainama, akainuka. "Mama, transfa imekufa. Hapa ni kuagiza nyingine." Fedha aliyotajiwa ilimaliza mshahara wa miezi mingi. Hakuna mashine iliyochomekwa kusoma kosa, wala boliti iliyofunguliwa.

Transfa ile, yaani gia boksi ndogo inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, haikuwa imekufa. Ubavuni mwake kuna mota ndogo ya umeme inayobana na kuachia klachi ya kupeleka nguvu mbele, na ndani ya mota hiyo kuna gia ya plastiki. Meno ya gia hiyo huisha. Ni ugonjwa unaojulikana dunia nzima kwa X3 za umbo lile. Gia peke yake haifiki dola 50. Mota nzima mpya ni mamia ya dola, na transfa kamili mpya hupita dola 2,000 kabla hujamlipa fundi. Kwa hiyo taa zilezile tatu zinaweza kukugharimu kidogo au zikakufilisi, na kinachoamua ni kama aliyeinama chini ya gari lako anapima au anabahatisha.

Na kilichoiua gia ile ni matairi. Mwalimu alibadilisha mawili ya nyuma peke yake, ya kampuni nyingine, akaacha ya mbele yaliyokwisha, kama tunavyofanya kwenye magari yetu yote mshahara ukiwa mdogo. Kwenye xDrive, yaani mfumo wa BMW wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, ni hatari. Tairi zikitofautiana mzunguko, ekseli ya mbele na ya nyuma hazikubaliani mwendo, klachi inasuguana muda wote hata barabara ikiwa kavu na imenyooka, oili ya transfa inaungua, mota inahangaika. Matairi manne yawe ya aina moja na saizi sahihi, na yasipishane sana kuisha. Kumwambia hivyo mnunuzi kunachukua nusu dakika. Yadi haikumwambia. Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine yote, kwa sababu mwalimu yule ni mtu makini, angeambiwa angefuata.

Sasa ile ya tangazo, ya 2012. Za mwaka huo zenye injini BMW wanayoiita N20 zinapendwa kwa sababu ni ya tabo yenye cc 1997, kwa hiyo TRA wanaiweka kwenye kundi la cc lenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, wakati zinazozidi cc 2000 zinalipa 10. Unafuu huo una upande wa pili. N20 za kuanzia 2011 hadi mwanzoni mwa 2015 zina tatizo la reli za plastiki zinazoongoza cheni ya taimingi: zinakauka, zinapasuka, vipande vinaangukia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuziba njia ya oili. Cheni ikiruka, valvu na pistoni hugongana. Marekani wamiliki walilifikisha jambo hili mahakamani. Kubadilisha cheni na reli zake huko ni kazi ya dola elfu mbili, tatu na kuzidi. Injini ikishakufa, hesabu hupita thamani ya gari zima. Nimesoma tangazo lile mpaka mwisho. Rangi ya taa za milangoni imetajwa. Cheni haikutajwa.

Kwenye joto na foleni zetu mambo huharakishwa. BMW waliweka muda mrefu wa kubadilisha oili kwa madereva wa Ulaya, hadi kilomita 30,000 kwa baadhi ya injini. Anayeshinda foleni ya Mwenge na Ubungo injini ikiunguruma asifuate hesabu hiyo. 8,000 inatosha, na oili iwe ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu. Pampu ya maji ya 2.5si inaendeshwa kwa umeme, na ikifa haitoi dalili kama ile ya mkanda: unaona gari linachemka, basi. Hapo anatokea fundi wa kung'oa themostati "ili injini ipumue" na kujaza maji ya bomba. Tafadhali, usikubali. Themostati hiyo inaongozwa na kompyuta. Ukiitoa, injini haifiki joto lake, inakula mafuta, na ugonjwa wenyewe uko palepale.

Gia boksi ya otomatiki ya hizo za 2012 nayo, BMW walisema oili yake ni ya maisha. ZF walioitengeneza wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Mimi nawasikiliza ZF. Betri mpya ya hizohizo nayo lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba X3 nzima ni raha. Nimepanda nayo Kitonga nyuma ya malori, nikapata nafasi, ikaitika kama vile mlima haupo. Na mafundi wanaozijua wapo hapa mjini, wana mashine zao, wanakuonyesha kosa kabla ya kukutajia bei. Ni wachache na hawana haraka.

Kwa hiyo wewe unayenunua, nenda asubuhi injini ikiwa baridi, ushike boneti uhakikishe haikuwashwa kabla yako. Iwashe mwenyewe. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini, huenda cheni ndiyo inayolia. Soma saizi na kampuni ya kila tairi. Lipia gari lisomwe kwa mashine na fundi usiyeletewa na yadi. Ukishalipa bei na kodi ukabaki huna fedha ya pampu, mota na cheni, chukua ile RAV4. Spea zake zimejaa kwenye maduka ya Gerezani hapa Dar.

Na wewe mwenye yadi, andika kwenye tangazo lako lini cheni ilibadilishwa. Kama hujui, andika kwamba hujui.