Marehemu wa Herufi R

Matoleo ghali ya riwaya za kutisha yana madaraja. Chini kuna nakala za namba, mia kadhaa hivi, zilizosainiwa na mwandishi. Juu kabisa zinakaa nakala za herufi, A mpaka Z, ishirini na sita tu, na hizo ndizo wachapishaji huzifanyia vituko. Mwaka 1980 Phantasia Press walipotoa Firestarter ya Stephen King, hadithi ya binti anayewasha moto kwa akili yake, nakala 26 za herufi walizivika kitambaa cha asbesto. Vazi liendane na kinachotisha ndani.

Mimi nilikuwa na herufi R ya riwaya ya makaburini. Ilitoka kwa mchapishaji mdogo wa ng'ambo ikiwa uchi, mafungu ya kurasa yaliyokunjwa bila jalada, kwa ajili ya wateja wenye mafundi wao. Sasa ukiwa Uganda na riwaya ya makaburini, utaivika nini kama si lubugo? Gome la mti wa mutuba, limepondwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa kitambaa cha rangi ya udongo. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, lakini Waganda walikuwa wakiwafunika wafu wao kwa lubugo kabla hata ya UNESCO kufikiriwa. Asbesto haioni ndani.

Fundi wangu ni mzee mmoja Mnubi wa Nasser Road, pale Kampala. Riziki yake ni tasnifu za wanafunzi, jalada jeusi na herufi za dhahabu, lakini mkono wake unajua mengi. Lubugo lina hila. Ukilipaka gundi nyeupe moja kwa moja, gundi inapenya vinyweleo na kuacha mabaka yanayong'aa, na mabaka hayo hayatoki. Kwanza unalibandika karatasi nyembamba kwa nyuma, kwa uji wa unga wa ngano, kisha linakauka siku nzima chini ya uzito. Ndipo unalikata, ukiacha sentimita mbili kila upande za kukunjia ndani. Kadibodi iwe ya milimita tatu, na upande wa ndani ubandikwe karatasi pia, la sivyo lubugo likikauka linaivuta na sanduku linapinda. Na dhahabu usijaribu kuipiga juu ya lubugo: inashika kwenye vinundu na kuruka mabonde, jina likasomeka nusu. Mzee alipiga herufi zake kwenye kipande cha ngozi ya mbuzi, akakizamisha mahali pake. Kazi safi kabisa.

Kitabu kilikuwa kikubwa, sentimita 36 kwa 26, na sanduku lake urefu 42, upana 30, kina 9. Kilo tano na ushei. Mzee, akihofia vumbi la njia ya Bombo, akalizungushia sanduku lubugo lililobaki, akalifunga kwa kamba za migomba. "Usikisimamishe, mwanangu. Kitabu kizito kikisimama, mafungu yanalegea yanavuta mgongo." Basi nikakibeba kimelala, juu ya mikono miwili.

Nilipopanda taksi dereva alizima redio. Kondakta akanidai nauli ya viti viwili, kwa sauti ya upole ambayo sijapata kuisikia kwa kondakta yeyote. Hajati mmoja akanisogelea.

"Pole sana, mwanangu."

"Asante, Hajati." Nilidhani ananihurumia uzito.

"Kilikaa muda gani?"

"Miezi minane."

"Subhanallah! Shida ilikuwa nini?"

"Mgongo, Hajati. Kilifika hakina mgongo kabisa."

"Mkakipeleka wapi?"

"Kwa fundi, Nasser Road."

"Fundi!"

Nikafurahi. Si kila siku unampata abiria anayetaka habari za ufungaji wa vitabu. "Fundi hasa! Alikitoboa kwa sindano, akakishona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, akakibana kwenye presi usiku kucha. Kulipokucha akakivika ngozi ya mbuzi."

Mlokole aliyeketi nyuma akaanza kukemea chini kwa chini.

"Na vingine unavyo?" Hajati aliuliza, tasbihi mkononi.

"Viko ishirini na sita, lakini mimi ninacho hiki tu. Vingine viliuzwa Marekani."

Mbele ya Matugga kulikuwa na kizuizi. Kondakta aliruka kabla taksi haijasimama. "Afande! Huyu mtu anauza watoto!"

Niliteremshwa mimi na mzigo wangu. Manyunyu yameanza, na tone la maji juu ya lubugo huacha duara. Nikamwomba Hajati mwavuli. Akanipa, akiutazama mkono wangu kama wa jini.

"Fungua!" afande akasema.

"Afande, nawa mikono kwanza. Mafuta ya vidole yanaingia kwenye karatasi."

Sijui niliwaza nini mpaka leo, ila alinawa, kwenye kibuyu cha muuza mahindi. Nikafungua kamba, nikakunjua lubugo, nikainua kifuniko. Ukurasa wa picha ukafunuka wenyewe: mwanamke kaburini, macho wazi, udongo mdomoni. Picha nzuri mno, imechapwa kwenye karatasi ya pamba. Mlokole alikimbilia migombani na hatukumwona tena.

Afande alipekua mpaka ukurasa wa sahihi. "R ni nini?"

"Ni nakala, afande."

"Huyu aliyesaini?"

"Mwandishi. Yuko Marekani."

"Kwa hiyo hapa Uganda hakuna aliyethibitisha."

Kabla sijafungua mdomo alikwisha kuchomoa kalamu ya bluu. Chini kabisa ya sahihi ya mwandishi akaandika: *Kimekaguliwa. Si maiti.* Cheo, tarehe, saa, na mstari mmoja mkali chini yake.

Kalamu ya wino mzito haifutiki. Raba inachuna nyuzi za karatasi. Spiriti inayeyusha wino na kuutandaza, na hapo jirani ilikuwa sahihi ya mwandishi yenyewe. Imebaki ilivyo.

Kwa kawaida maandishi ya mtu baki hushusha bei ya nakala, isipokuwa mtu huyo awe na uhusiano na kitabu. Mkusanyaji mmoja wa Nairobi amekiona kwenye picha, anasema uhusiano gani unaozidi huo, na ameongeza bei mara mbili. Ila anataka barua ya kuthibitisha kwamba sahihi ya afande ni ya kweli, na afande amehamishiwa mbali huko Moroto.