Usizime, filamu haijaisha

Jumamosi usiku tulikuwa tunaangalia Notorious, ile ya mwongozaji Hitchcock ya mwaka 1946, mimi na binamu yangu. Cary Grant kamtoa Ingrid Bergman kwenye nyumba ya maadui, kampakia garini, gari hilo linaondoka. Binamu akachukua rimoti, akazima. "Steringi keshaondoka, kuna nini tena?"

Niliumia. Zilibaki sekunde chache tu, lakini ni za Claude Rains! Ndiye mume wa Bergman humo, Mnazi aliyegundua mkewe ni jasusi, akawa anamtilia sumu kwenye kahawa. Ameomba wamchukue garini, wamemfungia mlango. Wenzake waliokwisha kumshtukia wanamwita ndani. Anageuka, anapanda ngazi polepole, mlango unafungwa. Unajua anakwenda kufa, na muuaji huyo unamwonea huruma mpaka koo linakauka. Hitchcock angeweza kumaliza na sura ya Grant. Akamaliza na mgongo wa Rains.

Rains huyo ni kijana wa London, mzaliwa wa 1889, aliyekulia na lafudhi ya uswahilini na ulimi mzito. Gesi ya sumu katika Vita Kuu ya Kwanza ikamwachia jicho moja karibu pofu. Filamu yake ya kwanza Hollywood, The Invisible Man ya 1933, alikuwa keshavuka miaka arobaini, na uso wake hatuuoni mpaka mwisho kabisa. Ameibeba kwa sauti tupu. Akaendelea hivyo miaka thelathini, seneta hapa, kapteni kule, hadi Lawrence of Arabia mwaka 1962.

Haya, filamu ya Casablanca bila Bogart, steringi anayecheza Rick, haiwezekani, hilo nakubali. Ila nani anayetuacha roho juu pale uwanja wa ndege? Ni Rains, akicheza Kapteni Renault wa polisi: mtu wa kufuata upepo, lakini ndiye mwenye uamuzi wa kumkamata Rick au kumwacha. Anapoitupa ile chupa ya maji ya Vichy, jina la serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wanazi, kwenye pipa la taka tunamwamini, kwa sababu tangu mwanzo Rains alituonyesha kwa macho tu kwamba mle ndani kuna mtu anayejionea haya.

Mara nne aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Hakupewa hata moja. Inaniuma kama ya ndugu yangu.

Niliwasha tena, nikarudisha nyuma, nikamwomba binamu akae. Mlango ulipofungwa alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa wale wenzake watamfanyaje?"