Siri za Majirani: Riwaya Moja Ilivyosomwa Leeds na Moshi

Kuna vitabu ambavyo msomaji akivimaliza hana budi kutafuta mtu wa kujadiliana naye, na The Trouble with Goats and Sheep (yaani Shida ya Mbuzi na Kondoo), riwaya ya kwanza ya Joanna Cannon iliyotoka mwaka 2016, ni kimojawapo. Nimeijadili mahali pawili. Kwanza ni Leeds, ninakoishi na kufanya kazi, katika kikundi cha wasomaji kinachokutana kwenye maktaba ya mtaa wetu. Pili ni Moshi, nilikozaliwa, ambako nakala nilizopeleka wakati wa Krismasi zilipita mikononi mwa dada yangu, mume wake ambaye ni mwalimu wa sekondari, na walimu wenzake kadhaa. Nimeyafikiria sana maoni ya pande hizi mbili, na ninaamini kwamba wasomaji wa Moshi walikiona kiini cha riwaya hii ambacho wenzangu wa Leeds, pamoja na ukarimu wao na mazoea yao makubwa ya kusoma, walikipita bila kukigusa.

Kisa chenyewe kinatokea Uingereza katika kiangazi cha mwaka 1976, kwenye mtaa uitwao The Avenue. Joto limezidi, na Bi. Creasy ametoweka nyumbani kwake bila kuaga. Wasichana wawili wa miaka 10, Grace na Tilly, wanamsikia mchungaji akieleza kwamba Mungu ndiye anayewaweka watu salama, kwa hiyo wanaamua kumtafuta Mungu mlango kwa mlango, wakiwa na hakika kwamba akipatikana, Bi. Creasy naye atarudi. Sura nyingine zinarudi nyuma hadi mwaka 1967, kwenye jambo ambalo majirani wanalijua na kulinyamazia kwa pamoja, na ambalo linamhusu Walter Bishop, mwanamume mpweke wa nyumba namba 11 ambaye mtaa ulikwisha kumhukumu. Mwisho sitausema, kwa heshima ya wale ambao hawajaisoma.

Katika kikundi chetu cha Leeds, wengi waliipenda kwa sababu ya mwaka ule wenyewe. Walio na umri wa kuukumbuka waliacha kuzungumzia riwaya na kuanza kusimuliana: nyasi zilizogeuka rangi ya kahawia, peremende za wakati ule, vipindi vya televisheni, wazazi walioweka viti nje hadi usiku. Kumbukumbu zao zina msingi wa kweli, kwani mwaka huo ukame ulikuwa mkali kiasi kwamba Bunge lilipitisha sheria maalumu ya ukame, na katika baadhi ya sehemu za Wales na kusini-magharibi mwa Uingereza watu walichota maji kwenye mabomba yaliyowekwa barabarani. Mwezi Agosti serikali ilimteua Denis Howell kuwa waziri wa kushughulikia ukame, na siku chache baadaye mvua ikaanza kunyesha. Kwa Mwingereza wa umri fulani, kutaja mwaka 1976 kunatosha kumrudisha utotoni. Jambo walilolitamani zaidi, na walilisema wazi, ni mtaa ambao kila mtu alimjua mwenzake.

Hata hivyo, wasomaji haohao walilalamika kwamba wahusika ni wengi mno. Mzee mmoja, fundi umeme mstaafu, alikuja na karatasi aliyoichora kwa penseli: barabara katikati, nyumba huku na huku, namba kwenye kila nyumba, na chini ya kila namba majina ya wakazi wake, mengine yakiwa yamefutwa na kuandikwa upya. Karatasi ile ilizunguka meza nzima na wasomaji wakaishukuru, wengine wakaipiga picha kwa simu. Nilipomweleza shemeji yangu habari hiyo, alishangaa kweli. Hakuna yeyote kati ya wasomaji wa Moshi aliyehitaji mchoro. Mtu aliyekulia Majengo au Njoro hubeba kichwani orodha ya nyumba ishirini au thelathini pamoja na wenyewe, wapangaji wao, watoto wao, mambo yao ya kanisani au msikitini, na nani hasalimiani na nani tangu lini. Kwake riwaya yenye nyumba kumi na kitu ni mtaa mdogo.

Tofauti ya pili ilikuwa juu ya wasichana. Pale maktabani, akina mama wawili walisema hawakuweza kuamini kwamba watoto wa miaka 10 wangeruhusiwa kuingia katika nyumba za watu, kuketi, kupewa biskuti na kuuliza maswali ya ndani namna ile. Mmoja wao alisema hakuna mzazi wa leo ambaye angekubali, na nadhani kwa Leeds ya leo anasema kweli. Dada yangu aliliona jambo hilo kuwa sehemu iliyo sahihi kuliko zote katika kitabu. Mtoto wa Moshi hutumwa. Anatumwa chumvi kwa jirani, anatumwa kurudisha sufuria, anatumwa kuuliza kama fundi yupo, na akiwa amesimama mlangoni akingoja, anaona nani amelia, nani ana mgeni asiyetajwa, nani amefungasha mizigo. Watu wazima hunyamaza mbele ya watu wazima wenzao, lakini mbele ya mtoto aliyetumwa wanaendelea na mazungumzo kana kwamba ni stuli imesimama pale. Kwa mtazamo wa dada yangu, hakuna mpelelezi aliye bora kuliko huyo, na Cannon alijua alichokuwa akifanya.

Walimu wenzake shemeji walikuwa na shaka moja kuhusu upelelezi wenyewe. Wamelelewa na wapelelezi wa riwaya za Kiswahili, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na Willie Gamba wa Elvis Musiba, kwa hiyo walingoja mtu mwenye akili kali atokee, aunganishe vidokezo na kumtaja mkosaji mbele ya watu. Hakutokea. Kwa muda walihisi wamedhulumiwa, na mwalimu mmoja alisema riwaya ya aina hiyo bila mpelelezi ni kama kesi bila hakimu. Ninamwelewa, lakini sikubaliani naye. Bwana Msa anafaa pale ambapo siri imefichwa na mtu mmoja au ukoo mmoja. Mahali ambapo siri imeshikwa na mtaa mzima, hapana wa kumtaja mbele ya watu, kwa sababu watu wenyewe ndio watuhumiwa.

Hapo ndipo wasomaji wa Moshi walipowazidi wenzangu wa Leeds. Kikundi chetu kilitumia karibu kipindi kizima kujiuliza Bi. Creasy yuko wapi. Moshi swali hilo halikukaa sana. Mama yetu mdogo, ambaye hasomi Kiingereza na alisimuliwa kisa chote na dada yangu wakati wakichambua mboga, aliuliza jambo jingine kabisa: "Usiku ule wa kwanza, nani alikwenda kukaa na mume wake?" Dada alipomjibu kwamba majirani walikuwa wakichungulia kupitia mapazia na kunong'onezana, Mama mdogo akasema, "Basi wana lao jambo hao." Hakuwa amefika hata katikati ya kisa. Alitambua kwamba mtaa unaoshindwa kumwendea aliyefikwa unaogopa kile ambacho ziara hiyo ingefunua, na ndivyo riwaya ilivyo.

Nimeishi pande zote mbili kwa muda wa kutosha kujua kwamba swali lile lisingeulizwa maktabani. Nyumba yangu ya Leeds imeshikana na nyumba ya jirani kwa ukuta mmoja. Namsikia akipanda ngazi, namsikia akikohoa, tunapokeleana vifurushi vya posta na kusalimiana vizuri siku ya kutoa mapipa ya taka. Mama yake alipofariki, nilikuja kujua majuma kadhaa baadaye, nilipomwona akitoa viti vya yule bibi nje kwa ajili ya watu wa misaada. Nilimpa pole nikiwa nimesimama kwenye kizingiti, naye akanishukuru, akasema hakutaka kumsumbua mtu. Moshi, msiba ule ungekuwa na turubai kabla ya jua kuzama. Viti vya kukodi vingeshushwa, masufuria makubwa yangetoka nyumba tatu tofauti, daftari la michango lingefunguliwa, wanawake wa jumuiya wangegawana zamu za kupika, na vijana wangekesha wakiota moto. Hakuna anayeuliza kama anasumbua. Ninaikosa hali hiyo kuliko ninavyokosa chakula cha nyumbani, na sioni haya kuisema.

Lakini kwa sababu naipenda kiasi hicho, sikubali isifiwe nusu. Mikono inayoleta masufuria ndiyo inayoandika hukumu. Nikiwa msichana, mtaani kwetu alikuwapo mzee aliyestaafu kazi ya reli, aliyeishi peke yake, asiyekuwa na mke wala mtoto aliyejulikana. Ilianza kwa kuulizana kwa nini hana watu. Ikawa kwamba aliwaacha kwa jambo baya, na baadaye jambo hilo likapatiwa jina. Watoto tulikatazwa kupita upande wa ua wake, na mtu akijaribu kumtetea alijibiwa kwa methali inayojulikana: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hakuna aliyewahi kumshtaki mahali popote ambapo angeweza kujibu. Balozi wa nyumba kumi, ambaye tangu miaka ya 1960 ndiye mtu wa kwanza kupelekewa ugomvi wa majirani, hakupelekewa lolote, kwa kuwa neno halikuwa na mwenyewe. Kilipotokea kifo cha mzee yule, turubai lilifungwa kama kwa mtu mwingine yeyote, na waliomkwepa miaka yote walikuja na michango yao.

Dada yangu alipofika kwenye sura za Walter Bishop, alinipigia simu usiku na hakutaja riwaya. Alitaja jina la mzee yule.

Ndiyo sababu nasema wao waliona kiini. Cannon ni daktari aliyefanya kazi katika tiba ya magonjwa ya akili, na riwaya yake inawaangalia kwa huruma watu waliosukumwa pembeni. Jina la riwaya hiyo linatoka kwenye Injili ya Mathayo sura ya 25, ambako Mwana wa Adamu anawatenga kondoo na mbuzi. Wasomaji wa Moshi, wengi wao wakiwa wamefundishwa sehemu hiyo tangu kipaimara, waliitambua papo hapo, tena wakakumbuka kwamba katika maandiko yale mwenye kutenga ni mmoja tu, ilhali katika The Avenue kila mwenye pazia amejipa kazi hiyo. Pale maktabani tulilazimika kuifungua sura hiyo na kuisoma, na baada ya kuisoma mazungumzo yalirudi kwenye peremende. Siwalaumu. Mtu aliyepoteza ujirani huukumbuka kama joto la moto, na aliye ndani yake anajua pia moshi wake.

Ukumbusho wa mwaka ule nao ulipokelewa kwa namna nyingine. Foleni ya maji kwenye bomba la barabarani, ambayo Leeds ilileta tabasamu, Moshi haikumgusa mtu, kwa kuwa kupanga ndoo si kumbukumbu ya kiangazi kimoja. Mwaka 1976 ulimkumbusha Mama mdogo mambo ya kahawa. Bei katika soko la dunia ilikuwa imepanda baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975, na mwezi Mei 1976 Serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU kikiwa kimojawapo, chama ambacho wakulima wa Kilimanjaro walikuwa nacho tangu mwaka 1933. Anakumbuka wanaume wakirudi mjini na maswali yasiyo na wa kuyajibu, na watu wakianza kuangaliana: nani alikuwa anajua mapema, nani amefaidika.

Kuhusu kasoro nitasema kwa ufupi. Mwandishi anapenda mno tamathali, hata sentensi nyingine zinachoka kuzibeba, na Grace husema mambo ambayo mtoto wa miaka 10 asingeyapanga vizuri hivyo. Malalamiko kwamba mwisho umeachwa wazi yalisikika pande zote mbili, nami nayakubali kwa sehemu, kwani kuna nyumba mbili ambazo siri zake zilistahili kurasa zaidi.

Shemeji yangu sasa anawashawishi wanafunzi wake wa kidato cha tano waandike hadithi ya upelelezi ya mtaa mmoja wa Moshi, kwa Kiswahili, na ameniomba nimsaidie kusoma rasimu. Nimemshauri awape mambo machache ya kuanzia: fundi cherehani anayejua vipimo vya kila mwanamke na anajua pia ni nani amebadilika vipimo, mwenye genge anayeuza kwa mkopo na daftari lake, balozi aliyechoka, mpangaji mpya kutoka mkoa mwingine, na mtoto mmoja anayetumwa chumvi. Nimemwomba pia kwamba mzee anayeishi peke yake apewe sura yake mwenyewe, ambamo yeye ndiye anayezungumza.